Goti la Kocha Vergel

Wasomaji wawili wameniandikia wakiniita mwongo. Wana haki. Mmoja ametumia neno jingine ambalo mhariri amekataa kulichapa, na huyo naye ana haki.

Kwa mliochelewa kuingia: naitwa Herminio Lacsamana, Mio kwa walionizoea. Kwenye televisheni mimi ndiye Kocha Vergel, yule kocha wa sekondari ya maskini anayewachapa watoto wa matajiri mpira wa kikapu kila Ijumaa na kuwaliza mama zenu. Tayari nimekiri hapa, kwenye safu ambayo mtaani kwetu hakuna anayeisoma, kwamba sijawahi kucheza kikapu hata siku moja. Siku ya usaili niliongopa kwamba nilikuwa nyota wa chuo huko Iloilo mpaka goti lilipochanika. Mpira ukitupwa kwenye tamthilia, kamera inaonyesha mikono ya mtu mwingine. Na mwenyekiti wa mtaa wetu wa Santa Filomena, kwa kuiamini televisheni kuliko macho yake, akanikabidhi timu ya mtaa niifundishe kwenye ligi ya sikukuu ya mtakatifu wetu. Tumefika fainali. Msiniulize tumefikaje.

Lakini kuna jambo nimewaficha hata ninyi.

Uongo wa goti sikuutunga siku ya usaili. Niliutunga miaka ishirini na sita iliyopita, mbele ya kaunta ya duka la dawa, kwa ajili ya msichana anayeitwa Luzviminda, aliyekuja mjini kutoka hukohuko Iloilo.

Nilimwambia mimi ni mchezaji. Akaendelea kuhesabu vidonge.

Nikamwambia nilikuwa mchezaji wa kikapu huko Iloilo, ila goti limeniharibia maisha. Akainua uso.

"Goti lipi?" akauliza.

"La kushoto," nikasema, maana ndilo lililokuwa upande wake.

Weee! Macho yakamlainika, mkono ukaacha vidonge. Sikujiuliza kwa nini. Nilikuwa kijana, nilidhani ni uzuri wangu.

Tukaoana. Tangu siku hiyo, mvua ikinyesha, Luz anatoa kichupa chake cha mafuta ya kijani, ananikunjia suruali, ananichua goti mpaka lipate moto. Na kwetu mvua haibahatishi. Miaka ishirini na sita mke wangu anachua goti zima kabisa, na mimi nimekaa nanung'unika kama mgonjwa. Mtanicheka. Chekeni. Mimi nilikuwa naogopa siku moja tu duniani, siku ambayo Luz angejua.

Siku hiyo imefika Jumapili iliyopita. Subirini, nianzie Ijumaa.

Ijumaa Kocha Vergel alianguka. Mliotazama mnajua: fainali ya shule, zimebaki dakika mbili, kocha anashika kifua, puu, chini. Mwongozaji wetu, mama mmoja mkali aitwaye Wena ambaye sote tunamwita Direk, alinirudisha mara saba. Alisema naanguka kama mtu anayetafuta kijiko chini ya meza.

Kipindi kikaishia hapo, nimelala hospitalini sijitambui, mirija kwenye pua.

Jumamosi asubuhi nikaenda kununua mkate.

"Nipe midogo ishirini, bado ya moto," nikamwambia muuzaji.

Akanitazama. Midomo ikaanza kumtetemeka. "Kocha! Umeamka?"

"Nimeamka tangu saa kumi na mbili."

"Asante Yesu!" Akavua aproni, akafunga duka, akakimbia kwenda kuwaambia watu. Mkate sikupata.

Nikamfuata mpaka uwanjani. Uwanja wetu wa kikapu una paa la bati, na kila jambo la mtaa linafanyika pale, harusi, misiba, chanjo ya mbwa. Siku hiyo chini ya ubao wa kikapu kulikuwa na meza, juu ya meza picha yangu, na kuzunguka picha yangu mishumaa. Wanawake wapata arobaini wamepiga magoti, rozari mikononi. Anayeongoza ni Aling Pasing, muuza ndizi za kukaanga, mama wa mtaa mzima, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto.

Nilipotokea, hakushtuka. Alikasirika kwamba nimechelewa.

"Na wewe ndiyo unafika saa hizi? Njoo usali. Ni mgonjwa wako."

"Aling Pasing, mgonjwa mwenyewe ni mimi. Na mimi mzima."

"Wewe mzima. Yeye je?"

Msidhani hawajui kwamba ni maigizo. Wanajua vizuri kabisa. Wananijua tangu nilipokuwa natia sauti ya nguruwe kwenye katuni za watoto. Ila wakishampenda mtu wa kwenye televisheni, wanachojua wanakiweka kando, wanakifunika na kitambaa, maisha yanaendelea.

"Piga magoti, Kocha."

"Goti langu, mama..."

"Uwii, goti lake! Mleteeni kiti!"

Nikaletewa kiti. Nikakaa mbele ya picha yangu kama bwana harusi, nikajiombea mwenyewe uzima. Goti la uongo lilikuwa limeniponya tena. Nikamshukuru Mungu kimoyomoyo, halafu nikaona haya kumshukuru kwa jambo kama lile.

Sala ilipoisha, Aling Pasing akanishika mkono. Kiganja chake kilinuka sukari iliyoungua.

"Nimeweka nadhiri kwa mtakatifu," akasema. "Kesho kwenye fainali, wakati wa mapumziko, utasimama kwenye mstari wa adhabu. Utatupa mpira mmoja. Ukiingia, Kocha Vergel anafumbua macho."

"Na usipoingia?"

"Utakosaje? Wewe si ndiye Kocha Vergel?"

"Mimi ni Mio, Aling Pasing."

"Ndiyo nasema. Utakosaje?"

Nimeshindwa kubishana na mwanamke huyu tangu mwaka niliohamia pale. Nikarudi nyumbani, simu ikalia. Direk.

"Mio, baba, hongera! Tangu uzimie watazamaji wamefurika. Ulipokuwa unaongea hawakuwa wengi hivi."

"Nashukuru, Direk. Mtaniamsha lini?"

Akanyamaza kidogo. Mliowahi kufanya kazi ya kuigiza mnajua maana ya mwongozaji kunyamaza.

"Waandishi wamegawanyika," akasema. "Watatu wanataka ufe."

"Na wa nne?"

"Wa nne yuko likizo."

"Direk, nina miaka hamsini na mbili. Nikifa hapo narudi kuwa nguruwe."

"Usijali, bado hatujaandika kitu. Unajua sisi, tunaandika asubuhi, tunarekodi mchana. Jumatatu ama unafumbua macho, ama tunakushonea suti. Halafu nimesikia mtaani kwenu kuna sala, kuna nadhiri! Kesho nakuja na kamera. Watu halisi, machozi halisi! Utupe huo mpira vizuri, Mio. Ukiingia, nitawafunga mdomo wale watatu."

Kwa hiyo nikawa na mpira mmoja wa kutupa, na kazi yangu ya maisha ndani yake. Ningekuwa najua kutupa mpira, hadithi ingeishia hapa.

Luz alikuwa amesikia yote kutoka jikoni. Alikuwa anakata vitunguu vya tambi za sikukuu. "Utaweza?" akaniuliza.

"Goti tu," nikasema. Mdomo umezoea.

"Nitakuja na mafuta," akasema.

Jumapili, kabla ya mechi, nikaenda uwanjani mapema nijaribu hata mara mbili tatu. Nikamkuta mtu kanitangulia. Anatupa mpira kutoka mbali, wavu unasema shwaa, anachechemea kuuokota, anatupa tena, shwaa. Sikuhitaji kuona uso. Mikono ile naijua, naivaa kila Ijumaa.

Ni Nestor Abrenica. Mikono ya Kocha Vergel ni yake. Yeye ndiye aliyecheza chuo kweli huko Iloilo, yeye ndiye goti lake lilichanika kweli, la kushoto, mbele ya watu elfu tano, na mguu haukunyooka tena. Na kwa kuwa Mungu naye ana mizaha yake, yeye ndiye kocha wa Tabing Sapa, mtaa wa ng'ambo, tuliokutana nao fainali.

"Kaka Mio," akasema. "Mikono yangu inakusalimu."

"Nestor, ndugu yangu..."

"Usinipake mafuta. Nimesikia leo unatupa. Kwa mikono ya nani?"

"Nisitiri, kaka. Leo tu."

"Nimekusitiri miezi saba! Mtaa mzima unalia kwa ajili ya mikono yangu, wewe unauza sura. Unajua Direk ananiitaje? Ananiita Mikono. 'Mikono, sogea kushoto. Mikono, nenda ukale.' Nina uso mimi! Leo aujue. Ama unamwambia wewe mbele za watu, ama kipaza sauti nakichukua mimi."

Nikamshika bega. Nikamwambia ukweli ambao sijawahi kumwambia mtu. "Direk na afanye atakavyo. Naogopa mke wangu. Ameolewa na goti hili. Ukisema, Luz atajua."

Alikuwa anadunda mpira. Akaacha.

"Luz hajambo lakini?" akauliza.

"Hajambo."

"Vizuri," akasema, akaondoka na mguu wake.

Na mimi, bwege mkubwa, nikafurahi. Nikadhani nimemlainisha.

Mechi ikaanza saa tisa. Watu wamejaa mpaka juu ya ukuta wa kanisa. Mwenyekiti Dominador, na kipaza sauti chake na shati lake la sikukuu, anatangaza kila kitu, mpaka mbwa akipita anatangazwa. Direk yuko kwenye jukwaa na wapiga picha wawili.

Mimi kazi yangu ya ukocha ni moja: nasema maneno ya Kocha Vergel. Nahodha wetu, Empoy, muuza samaki mwenye kifua kama mlango, ananisikiliza kwa heshima zote, halafu anawageukia wenzake.

"Wanangu!" nikaunguruma wakati wa mapumziko mafupi, taulo begani. "Mpira huu haudundi kwenye sakafu, unadunda kwenye mioyo yenu!"

"Ndiyo, Kocha!" wakaitika.

"Amesema tumkabe yule mrefu," Empoy akawafafanulia.

Wakamkaba yule mrefu. Mapumziko yakafika tukiwa sawa, thelathini na nane kwa thelathini na nane.

Filimbi ilipolia, Aling Pasing alikuwa amesharuka uwanjani, mshumaa mkononi. Mwenyekiti akashusha pumzi kwenye kipaza sauti.

"Ndugu wananchi! Sasa Kocha Vergel atatupa mpira mmoja, kuomba uzima wa Kocha Vergel!"

Uwanja ukalipuka. Ko-cha! Ko-cha! Hata wa Tabing Sapa wakaitika, maana nao wanatazama Ijumaa.

Mpira akaniletea Nestor mwenyewe. Alitoka benchi la Tabing Sapa, taratibu, mguu mmoja unakanyaga, mwingine unaburuta, watu wakampisha. Akauweka mikononi mwangu, akaninong'oneza: "Kipaza sauti kile pale. Chagua."

Mpira ulikuwa mzito kuliko nilivyodhani. Nikautazama ubao. Nikaona mbali kule, kakikapu kamenuna.

Nikafanya ninachokijua. Nikakunja uso, nikashika goti.

"Oooh!" uwanja mzima ukasema.

"Goti lake!"

"Masikini, goti!"

Nikaona nimeokoka. Nestor akageuza shingo kuelekea kipaza sauti. Kabla hajapiga hatua, nikasikia sauti ninayoijua.

"Nipisheni! Nipisheni, mimi mkewe!"

Luz. Ameshuka ngazi za watazamaji na gauni lake la sikukuu, kichupa cha kijani mkononi. Mke wangu ni mtu wa haya, jamani. Hakubali kupigwa picha kwenye harusi za watu. Hapiti mbele ya altare kuchukua kitu alichosahau. Lakini alikuja mpaka katikati ya uwanja, mbele ya mitaa miwili na kamera mbili, akapiga magoti kwenye saruji, akanikunjia suruali, akamimina mafuta.

"Atatupa," akawaambia watu bila kuinua uso. "Mume wangu atatupa. Subirini lipate moto."

Harufu ya mafuta ikapanda. Nikaona nywele zake pale utosini zimekuwa nyeupe, na sijui zimekuwa nyeupe lini. Vidole vinazunguka, vinazunguka, vinatafuta maumivu ambayo hayajawahi kuwepo.

Nestor amesimama hatua mbili kutoka kwetu. Alikuwa anavitazama vile vidole. Luz hakumtazama kabisa.

Mimi nimeigiza kifo mara saba kwa siku moja. Hilo sikuliweza. Nikahisi nimekuwa mdogo kuliko kile kichupa.

"Acha, Luz," nikasema. "Inuka. Acha, mke wangu."

"Bado."

"Acha!"

Nikampokonya Mwenyekiti kipaza sauti.

"Sikilizeni! Mimi si kocha. Sijawahi kucheza kikapu maisha yangu yote. Sijui hata mpira huu unashikwaje. Sikusoma Iloilo, sikusoma popote. Goti langu ni zima, limekuwa zima tangu nizaliwe. Mikono mnayoiona kwenye televisheni ni ya huyu bwana hapa, Nestor. Nimewadanganya ninyi, na nimemdanganya mke wangu miaka ishirini na sita. Basi. Nipigeni."

Nikafumba macho nikisubiri chupa za maji.

Mtoto mmoja akapiga chafya.

Halafu Aling Pasing akapiga ukelele uliowarusha njiwa wote wa kanisa.

"Yesu na Mariamu! Amepoteza kumbukumbu!"

Uwanja mzima ukapokea. "Kumbukumbu!" "Hajijui!" "Hajui hata mpira!" Wanawake wakaanza kulia. Jitu zima la Tabing Sapa likavua kofia na kuiweka kifuani.

"Hapana!" nikapiga kelele. "Nawaambia ukweli!"

"Kocha, tulia, baba," Mwenyekiti akanikumbatia. "Itarudi polepole. Mimi naitwa Dominador. Do-mi-na-dor."

"Mwenyekiti, nakujua!"

"Ameanza kukumbuka!" akatangaza.

Salale! Mwongo mimi niliyeaminiwa miaka yote, siku niliyosema kweli nikaonekana mgonjwa.

Direk alikuja mbio, viatu mkononi, machozi mpaka kidevuni. Nikadhani ananifukuza kazi. Akaning'ang'ania shingoni.

"Kumbukumbu! Mio, wewe ni mtu mbaya, mbona hukuniambia? Wale watatu wataandika nini tena? Jumatatu unafumbua macho, hujui kikapu, hujui shule, humjui hata mkeo! Miezi sita mingine hiyo, hakika!"

"Direk, sikuwa naigiza."

"Ndiyo maana nimelia! Endelea hivyohivyo." Akageuka. "Na huyu mwenye mguu ni nani? Ana uso wa huzuni, angalia mashavu hayo. Wewe! Umewahi kuigiza?"

"Miezi saba, Direk," Nestor akasema. "Mimi ndiye Mikono."

Direk akamtazama juu mpaka chini. Nadhani ndiyo mara ya kwanza. "Lo! Basi wewe ni kocha mpya. Kocha Vergel hajitambui, anakuja rafiki wa zamani kushika timu." Akapiga makofi. "Na mke wa kocha aliwahi kumpenda rafiki. Lazima aliwahi kumpenda. Vinginevyo kwa nini aje?"

Nestor hakucheka. Alikuwa anatazama ngazi za watazamaji.

Ndipo nikakumbuka kumtafuta Luz. Kwenye saruji palikuwa na doa la mafuta tu. Kati ya watu wote waliojaa pale, ni mmoja aliyesikia nilichosema kama nilivyokisema, na huyo ameondoka.

Kipindi cha pili nakikumbuka nusunusu. Empoy alinijia kwa upole, akaniongelea polepole kama mtu anayeongea na bibi yake.

"Kocha, tucheze vipi?"

"Sijui, Empoy. Sijawahi kujua."

"Basi kama kawaida," akasema. Wakashinda kwa vikapu tisa.

Hawakuniachia niende. Walinibeba mabegani, wakanizungusha mtaa mzima, Aling Pasing mbele na mshumaa, kila nyumba inanitajia jina lake ili nikumbuke. Nikafika kwangu jua linazama, suruali bado imekunjwa mguu mmoja.

Luz alikuwa jikoni, kwenye meza, tambi mbele yake hajazigusa. Kichupa cha kijani katikati ya meza. Gauni la sikukuu bado mwilini, aproni juu yake.

"Umemaliza kusema yako?" akauliza.

"Nimemaliza. Luz, nisamehe. Sina cha kujitetea."

"Kaa."

Nikakaa.

"Wao wamesema umepoteza kumbukumbu," akasema.

"Wewe umesemaje?"

"Mimi nimesema, afadhali. Maana mwaka wa kwanza wa ndoa goti lilikuwa la kushoto. Mwaka wa pili ukanipa la kulia. Mwaka wa tatu likarudi kushoto. Siku ile ya kimbunga ukanipa yote mawili."

"Ulijua?"

"Mio, mimi nilikuwa nauza dawa. Goti bovu nalijua kwa kulishika. Nilijua usiku wa kwanza."

"Na ukaendelea kuchua? Miaka yote hii?"

"Nikaendelea."

Nilitaka kulia, nilitaka kucheka, nilitaka kumpigia yeye magoti yangu yote mawili mazima. Nikaona mke wangu ni malaika. Nikanyoosha mkono niushike wake. Hakuutoa, ila hakunipa pia.

"Usinishukuru," akasema. "Umesema yako mbele za watu, sikutegemea kama ungeweza. Sasa na mimi nina langu. Hujawahi kuniuliza nilijifunzia wapi kuchua."

"Dukani, si dukani?"

"Dukani tunauza vidonge."

Akakichukua kile kichupa, akakizungusha kwenye vidole.

"Ulipokuja na goti lako la kushoto," akasema, "la kutoka Iloilo, la mpira wa kikapu, uliwahi kujiuliza kwa nini niliacha kuhesabu? Nilikuwa nimelichua goti kama hilo mwaka mzima. La kweli. Likiuma usiku nilikuwa nalia mimi. Mwenyewe akaniaga, akasema hataki kuoa akiwa kilema. Miezi minne baadaye ukaja wewe."

Nikajua jina kabla hajalitaja, na nikamwomba Mungu asilitaje. Hakulitaja. Hakuwa na haja.

Ngazi zetu za nje ni za mbao, zinamsema kila anayepanda. Zikaanza kusema. Hatua moja inakanyaga, nyingine inaburuta. Moja inakanyaga, nyingine inaburuta. Mpaka mlangoni, kisha kimya, kisha mtu akagonga kwa mikono ninayoifahamu.

Luz akavua aproni. Akajitazama kwenye kioo cha kabati, akaziweka sawa zile nywele nyeupe za utosini. Kisha akaniambia nikafungue.